Matuta ya Alban Gaudet

Vumbi la Kisiwa cha Prince Edward, huko Kanada, ni jekundu. Hukaa kwenye kola, hukaa kwenye kope, hukaa kwenye mkate, na kwa miaka sitini Alban Gaudet amelimeza bila kulalamika.

Shamba lake la mteremkoni linatazama kijito. Matuta ya viazi yalishuka moja kwa moja toka barabarani hadi majini, yamenyooka kama uzi, vile vile alivyoyaacha baba yake. Wapita njia walipunguza mwendo ili wayatazame. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na hakuwa na nyingine.

Julai alipiga dawa ya ukungu. Kesho yake mvua ikamwagika, na kila tuta likawa na mfereji wake. Udongo ukashuka, mbolea ikashuka, dawa ikashuka. Kulipokucha, samaki wa kijitoni, trauti, walikuwa wameelea matumbo juu. Alban akawaokota kwa ndoo, mmoja mmoja. Hakuhisi kitu. Si huzuni, si aibu. Mikono ilifanya kazi, basi.

"Mwakani utalima vipi?" mkewe, Délima, akamuuliza.

"Nikilima kwa kukata mteremko badala ya kuushuka, matuta yatakuwa mafupi. Viazi vitapungua, na kiwanda kinachovinunua kitatafuta mkulima mwingine."

"Sijakiuliza kiwanda, Alban. Nimekuuliza wewe."

Kiwanda kikampa mwaka mmoja wa kujaribu. Mei akalima kwa kukata mteremko, trekta ikigeuka na kugeuka, na kando ya maji akaacha ukanda mpana wa nyasi. Matuta yakajipinda. Yalikuwa mabaya, jamani. Jirani yao Wendell akasimamisha gari.

"Mzee, ulilima umelewa?"

"Ningelewa yangenyooka."

Wendell akacheka. Alban akacheka naye, na hakuhisi kitu.

Julai mvua ikaja, kubwa kuliko ile. Alban akashindwa kushuka kutazama. Akabaki jikoni, na Délima akavaa buti akaenda yeye.

Alirudi amelowa chapachapa. "Maji mekundu kidogo tu, pale kijito kinapopinda. Udongo umebaki juu, Alban. Matuta yako yameushika."

"Na samaki?"

Délima akavua buti moja, akakaa nayo mkononi.

"Hakuna aliyekufa."

"Walio hai je?"

"Sijaona hata mmoja."

Alban akaitikia kwa kichwa. Alitaka kuomba chai. Machozi yakamtoka, yamechelewa mwaka mzima, na chai yenyewe hakuiomba.