Sahihi ya Marehemu

Bwana Pender alizikwa Jumatatu alasiri katika makaburi ya Wazungu, na Jumanne saa moja unusu asubuhi alikuwa mlangoni mwa Idara ya Kemia akifuta viatu. Alikuwa amekuja kwa miguu, maana gari lake lilikuwa limeshanunuliwa na daktari wa mifugo. Kipyego, askari wa geti, alimfungulia kama siku zote, kisha akaandika kwenye daftari saa aliyoingia.

Mwaka ulikuwa 1951, mwezi wa Juni. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Eldoret, kikichemsha maganda ya miti ya miwati hadi yatoe ile dawa nyekundu ya kutengenezea ngozi. Idara ya Kemia ilikuwa chumba kimoja tu, chenye mizani ndani ya kisanduku cha kioo, birika la maji ya moto na kiti cha Bwana Pender. Kila shehena ya dawa iliyopelekwa Uingereza ilihitaji cheti cha kuonyesha nguvu yake, na kila cheti kilihitaji sahihi ya mkemia.

Vipimo vyote vilifanywa na Khisa, aliyesoma Makerere miaka miwili. Kwa miaka tisa alikuwa akiyachemsha maganda, akichanganya maji yake na unga wa ngozi, akitikisa chupa, akichuja, akikausha, akipima tena. Bwana Pender alisoma gazeti na kutia sahihi. Meneja alikuwa amemwahidi Khisa, tena mbele ya watu, kwamba siku Pender akiondoka yeye ndiye atakayetia. Basi Khisa akawa anajizoeza sahihi yake mwenyewe kwenye karatasi za kuchujia. Moja ilitoka vizuri mno, na mkewe, Nekoye, akaihifadhi ndani ya Biblia.

"Bwana Pender ameondoka," Khisa alimwambia meneja Jumanne ile.

"Ameondoka vipi, na yuko pale?"

Kweli alikuwa pale, kitini, na udongo mabegani. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi ishirini, na meneja alikuwa ameusoma wote bila kuona mahali palipoandikwa kwamba lazima mkemia awe hai. Kilichoandikwa ni kwamba awe Mzungu mwenye digrii. Jambo hilo lilimuuma Khisa, lilimuuma sana, lakini alichukua brashi akampangusa yule bwana mabega.

Julai ikaja na baridi yake, vidole vya Bwana Pender vikakakamaa. Khisa akawa anaviloweka kila asubuhi katika birika la vipimo, digrii arobaini, dakika kumi, hadi vikunjike. Mwezi wa Agosti macho nayo yakaenda. Tangu hapo ilibidi Khisa aushike mkono wa marehemu ndani ya mkono wake na kuuongoza juu ya karatasi. Sahihi zikawa nzuri kuliko za wakati wa uhai wake. Kutoka London iliandikwa barua ya kumpongeza Bwana Pender.

"Sasa si ni wewe unaandika?" Nekoye alimwuliza.

"Ni mimi."

"Na jina ni la nani?"

Nekoye akampakulia chakula.

Marehemu mwenyewe hakuwa msumbufu. Alizungumza Kiswahili kilekile cha kuamrisha watumishi, ila sasa kwa upole. "Khisa, mimi choka sana," alisema siku moja. Khisa akamwambia imebaki miezi kumi na sita.

Oktoba meneja aliingia na cheti mkononi. Mnunuzi alitaka dawa yenye nguvu ya sitini na tatu kwa mia.

"Nimepima mara tatu, Bwana," Khisa alisema. "Ni hamsini na nane."

Meneja akaandika sitini na tatu kwa kalamu yake mwenyewe, akakiweka cheti mbele ya marehemu, akamtazama Khisa. Khisa alikuwa na watoto watatu na nyumba ya kiwanda. Akaushika ule mkono.

Januari malalamiko yakafika. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimeoza katika mapipa ya wateja huko Leeds, na walitaka kujua nani amekosea. Meneja alimwita Khisa ofisini, akafunga mlango.

"Marehemu hasemwi vibaya," alisema. "Hata kwenu ni hivyo, sivyo?"

"Ni hivyo, Bwana."

"Na mimi sipimi dawa."

"Hupimi, Bwana."

"Basi unaona."

Barua ilipigwa chapa mchana huohuo kwenye karatasi ya Idara ya Kemia. Ilisema kwamba vipimo vya shehena ile vilifanywa na Khisa, kwamba vilikuwa vya uongo, na kwamba nyumba ya kiwanda iwe wazi ifikapo Jumamosi. Lilikuwa jina lake kamili, la ubatizo na la baba, na ndiyo mara ya kwanza kuonekana kwenye karatasi ya idara hiyo. Ilibaki sahihi ya mkemia.

Khisa aliipeleka barua mwenyewe. Alipima maji, yalikuwa digrii arobaini. Akaloweka vidole vya Bwana Pender dakika kumi.

"Hii nini?" marehemu aliuliza, maana karatasi ilikuwa nzito kuliko cheti.

"Barua ya kunifukuza kazi."

"Pole," alisema. "Mimi tia sahihi wapi?"

"Hapa, Bwana."

Khisa aliushika mkono akauongoza. Sahihi ilitoka vizuri, na mkia wake mrefu chini, kama zile nyingine zote. Kisha akamkausha vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, maana vikiachwa na maji vilikuwa vinaharibika upesi.