Walivyoichambua Sehemu ya Sita

Kila Jumamosi alasiri, mashabiki wa Mzingo wa Mwisho walikusanyika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Tamthilia yenyewe ya televisheni ilikatishwa miaka mingi iliyopita, mabaharia wake wa angani wakaachwa wananing'inia juu ya sayari isiyo na jina, na waliokua wakiitazama tangu utotoni hawakukubali yaishie hapo. Kundi moja likaamua kuiendeleza lenyewe, kwa kamera ya kuazima. Kundi jingine, kubwa zaidi, likaona kazi yake ni kuwasema waliothubutu.

Aliyeongoza kundi hilo la pili alikuwa fundi simu mmoja aliyebandikwa jina la Wembe. Dada yake, mpokezi kwenye kliniki ya meno, alikuwa wa kundi la kwanza, tena kwa siri. Katika sehemu yao ya sita alicheza Malkia wa Vumbi, uso mzima umefunikwa kinyago cha mpira, na aliomba jina lake lisiandikwe mwishoni. Nje ya kundi lake, aliyejua ni kaka yake peke yake. Alimwambia wakila nyumbani kwa mama yao.

"Usiwe na wasiwasi," Wembe alisema. "Mimi na wewe tu."

Siku ya kuichambua sehemu hiyo, dada mtu aliketi safu ya tatu. Nyuma yake alikuwa Babu Randa, seremala mzee aliyeijenga merikebu nzima ya angani ndani ya banda lake. Alikuwa hajawahi kufika pale. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza mdomo karibu, anajisugua viganja. "Leo tutajua watu wanatuonaje."

Wakatazama. Taa zilipowashwa, Wembe akashika maikrofoni.

"Ndugu zangu, poleni." Kicheko kikaanza hapo hapo. "Tuanze na huyu Malkia wa Vumbi. Anatawala sayari nzima, lakini anatembea kama mtu anayetafuta kiatu kwenye chumba chenye giza."

"Na sauti!" mwanamke mmoja akadakia. "Kama mbuzi aliyemeza redio!"

Wembe akaigiza pale Malkia anapolia. Ila hakumwiga Malkia. Alimwiga dada yake, vile alivyolia tangu utotoni: mkono kooni, kwikwi mbili, kisha pumzi ndefu kama ya anayezama. Alifanya hivyo huku akimtazama usoni. Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Na nina habari za ndani," akaendelea. "Malkia mwenyewe tunaye humu leo. Nimtaje, nisimtaje?"

"Mtaje! Mtaje!"

Masikio ya dada mtu yakawaka moto. Alishtukia tayari amesimama, mkono mbele.

"Nipe hiyo maikrofoni."

Wembe akampa, anatabasamu, kama aliyengoja hilo tangu asubuhi.

"Malkia mnamwonea bure," alisema, na akashangaa sauti yake imetulia. "Nani angeigiza vizuri ndani ya kabati la vyombo? Maana merikebu mliyoiona ni makabati ya jikoni. Rudisheni dakika ya kumi na moja. Mnaona bawaba hiyo? Na zile taa za usukani ni trei la mayai, limepakwa rangi ya fedha."

Picha ikarudishwa. Bawaba ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Watu wakapiga meza, wakapiga mapaja. Hakuna aliyekumbuka tena kuuliza Malkia ni nani.

Angeweza kuketi hapo. Lakini kicheko kilikuwa chake sasa, na kilikuwa na joto. Maisha yao yote, kicheko cha mezani kilikuwa cha kaka yake.

"Bado," akasema. "Hamjajiuliza kwa nini merikebu ya vita inaitwa Mwenzangu? Aliyeijenga amefiwa na mkewe. Kila asubuhi anaingia mle na vikombe viwili vya chai, anakaa kwenye usukani, anaisimulia habari za nyumbani. Mimi mwenyewe nilimfuma. Akaniomba nisimwambie mtu."

Watu wakatazamana. Kisha mtu mmoja pembeni akauliza, "Na inamjibu?"

Ukumbi ukaripuka. Wembe alicheka mpaka akafuta machozi.

Dada mtu hakugeuka nyuma. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha kikirudishwa kwenye mstari wake. Akasikia, "Samahani, mwanangu, naomba kupita," akiambiwa aliyekaa mwisho wa safu, na mlango ukifungwa polepole. Wengi hawakujua mzee huyo ni nani.

Sehemu ya sita ilipewa alama mbili kati ya kumi.

Nje, alimvuta kaka yake kando. "Ungenitaja kweli?"

"Ningekutaja."

"Mimi si dada yako?"

"Ndiyo maana ingechekesha." Alilisema bila chuki yoyote, kama mtu anayetaja saa. "Ila umenishinda leo. Wiki ijayo njoo ukae na mimi mezani."

Jumanne, mwongozaji wa kundi la kwanza, mwalimu wa baiolojia, alikwenda bandani kupima nafasi ya kamera. Hakukuta merikebu. Alikuta mbao zimepangwa ukutani kwa urefu, misumari imeng'olewa, imenyooshwa na kutiwa koponi, na trei la mayai limefutwa vumbi, limewekwa juu. Akampigia simu dada mtu.

"Umemfanya nini Babu?"

"Ulikuwa mzaha tu."

"Nani alicheka?"

"Wote."

Mwalimu akakata simu. Sehemu ya saba haikutengenezwa.

Dada mtu alikaa mezani na kaka yake Jumamosi tatu mfululizo, wakizichambua kazi za wengine. Alikuwa hodari. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Wiki ya nne, akatoka kazini mapema, akaenda kwa seremala.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Mzee akaweka randa chini, akapangusa kiti cha wateja kwa kitambaa. "Karibu, mama. Nikutengenezee nini?"

Maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoka kichwani.

"Nimekuja kuhusu ile..."

"Kama ni mlango, nimebanwa mpaka mwisho wa mwezi. Vitu vidogo naweza."

"Kigoda," akasema.

"Cha kukalia au cha kupandia?"

"Cha kukalia."

Mzee akachomoa penseli sikioni, akapima kwa futi kutoka gotini kwake mpaka sakafuni, bila kumgusa. Akafungua daftari.

"Niandike jina gani?"

Miaka miwili, ndani ya banda hilo hilo, alikuwa ameitwa mwanangu. Alimkazia macho, akitafuta hasira, au kejeli, au chochote cha kukishika. Aliona mzee anayengoja, penseli mkononi.

Akataja jina lake. Mzee akamwomba alitaje tena, herufi kwa herufi, asije akalikosea. Akaliandika.

"Ijumaa kitakuwa tayari," alisema, anachukua randa. "Ukikosa nafasi, tuma mtu tu akichukue."