Tumbo la Joyness

Wiki ya pili sasa Esteria alikuwa akilitazama tumbo la binti yake kwa jicho la pembeni. Asubuhi Joyness akivaa sketi ya shule, tumbo halipo kabisa. Jioni akirudi limejaa, limekaza, na mtoto mwenyewe anasukuma sahani ya ugali kwa mdogo wake Marcelo, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mwaka huu mvua ilikatika mahindi yakiwa bado machanga. Nyumba yao haikupeleka debe hata moja shuleni, na asiyechangia hapakuliwi. Hilo kijiji kizima cha Zagayu kinalijua.

Mtu aliyetulia angejiuliza ni mimba gani hiyo inayopotea usiku na kurudi mchana. Lakini mama mwenye hofu hatulii.

Mara akaja Domitila, jirani asiyeweza kulala na habari, ati kuazima ungo. Kabla hajaupokea alishasema kilichomleta: amemwona Joyness saa ya chakula akishuka mtoni peke yake, na pikipiki ya Mayunga imeegeshwa ukingoni. Mayunga ni kijana wa bodaboda, mcheshi, na wasichana wa shule wanavyodanganywa kwa chipsi nani asiyejua? Esteria akampa ungo, akamshukuru, akaingia ndani.

Akaapa kwamba akimkuta na mwanaume, shule imeisha siku hiyohiyo. Atampeleka Lamadi kwa shangazi yake akaanike dagaa. Moyo ulimuuma, maana Joyness alikuwa anaongoza darasa la kidato cha kwanza, lakini alishaapa.

Kesho yake mchana akajibanza kwenye minyaa ya ukingoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na watu walichimba mashimo kutafuta maji. Mayunga alikuwepo kweli. Esteria akashika fimbo vizuri. Kijana akajaza madumu yake ya kuuza, akayafunga kwenye pikipiki, akaondoka bila hata kugeuza shingo.

Ndipo Joyness akashuka. Akapiga magoti penye shimo, akachota kwa kopo, akanywa. Akachota tena. Akapumzika amefumba macho, akanywa tena kama anayemeza dawa, mkono mmoja tumboni.

Esteria akatokeza. Mtoto akaficha kopo mgongoni.

"Unafanya nini huku?"

"Nakunywa maji, mayu."

"Ya kunywa mpaka tumbo lipasuke?"

Joyness akaeleza akiwa anautazama mchanga. Kengele ya chakula ikigonga, wenzake wanapanga foleni na sahani, yeye anakuja hapa. Akishajaza tumbo linanyamaza, na anaweza kukaa darasani mpaka jioni. Akitoka shule anapita tena hapa kabla ya kufika nyumbani. Ugali anamwachia Marcelo kwa sababu yeye bado mdogo, akilala na njaa analia.

Esteria hakuridhika. Ujinga huu lazima una mwalimu wake.

"Nani kakufundisha? Huyo Mayunga?"

"Hapana."

"Nani basi?"

Joyness akalitoa kopo mgongoni, akalitazama.

"Ni wewe, mayu. Ukishatupakulia unaenda kwenye mtungi, unakunywa, unakunywa, halafu unarudi unasema umeshiba."

Fimbo ikamponyoka Esteria. Siku zote aliamini kwamba kule kwenye mtungi hakuna anayemwona. Alijisikia aibu kuliko ambavyo angejisikia kama angemkuta na mwanaume.

Kengele ikagonga kule shuleni. Joyness akaomba ruhusa arudi darasani, na mama yake akamwambia nenda.