Marehemu Anapima Kisima

Mjane alikuwa akisugua ndoo kwa majivu pale marehemu mumewe alipoingia uani, akamsabahi, akatumbukiza kijiti kisimani. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi enzi za uhai wake, alipokuwa akiuza mafuta kwenye kituo cha nyuma ya ukuta: kijiti kirefu ndani ya tangi, kukitoa, kusoma kimelowa hadi wapi. Mazoea yana taabu. Wenzake hufa wakapumzika, yeye alirudi kazini.

Kijiti kilitoka na maji, na juu ya maji petroli, upana wa vidole vinne.

"Imeongezeka, mke wangu," alisema.

Mjane hakushangaa, pua anayo. Kilichomchoma ni binti yao, aliyekuwa na mimba ya pili baada ya ile ya kwanza kuharibika. Alikuwa akinywa maji hayo hayo, na kisima kingine hakuna.

Akaenda kwa mnunuzi wa kile kituo. Kazi ya bwana huyu ni kununua vituo vilivyokufa kwa bei ya kutupa, kufukua matangi, kumwaga udongo mpya na kuuza viwanja. Mpole, hamnyimi mtu kiti. Alieleza kwamba kiwanja ni safi, mkaguzi amepima. Na kweli alipima: alichota udongo ule ule ulioshushwa na lori juzi, maana wa chini ungemchafulia viatu. Loo, ukaguzi huo! Mjane akamwita mumewe ashuhudie. Mnunuzi akampa marehemu mkono, akampa pole kwa kufa, akakitazama kijiti kwa makini.

"Hii ni ya upande wenu wa ukuta, mama," alisema. "Mimi nilinunua upande huu."

Kesho yake mafundi wakauinua ukuta kozi tatu za matofali. Kiwanja kikauzwa.

Lisilo budi hutendwa. Siku hizi marehemu akishapima huiengua petroli kwa kata, na waendesha pikipiki huja na chupa zao, akawauzia kwa adabu ile ile ya zamani. Yanayobaki chini mjane huyachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kisha binti hutoka ndani, mkono kiunoni, akaomba maji. Wazazi hutazamana.

"Mpe nusu kikombe," marehemu husema.

Mama humpa nusu. Binti huinywa yote, hufuta midomo, huomba nusu nyingine.