Cheti cha Ukutani

"Leo mtu asiniite Dokta," Eliakimu aliwaambia wenzake, akigeuza dagaa kwenye kichanja. "Mkiniita Dokta mbele ya watu wa ofisi, mmeniua."

Eufrasia alicheka mpaka akakohoa. "Si wewe uliyekuwa unanuna tukikuita jina?"

Ni kweli alikuwa ananuna. Alikuwa na shahada ya uzamivu, tena ya dagaa hao hao wa Ziwa Tanganyika. Miaka minne ameomba kazi, na kila ofisi ilimwambia amesoma mno. Haya, sasa mradi mmoja ulitaka karani wa kuandika samaki wanaoshushwa mwaloni, mwenye kidato cha nne tu. Akapeleka cheti cha kidato cha nne, basi. Cheti kikubwa alikiacha nyumbani Katubuka, kwenye fremu ukutani, kwenye msumari alioupigilia mama yake. Mama alijua kuna usaili tu; habari ya cheti kidogo hakuambiwa. Angeambiwaje, naye aliuza shamba lote la michikichi la Mwandiga ili mwana asome?

Usaili ulikwenda vizuri. Bwana Dismasi, mkuu wa mradi, alimwekea samaki watano mezani, Eliakimu akawataja wote bila kusita.

"Shule ndogo, lakini kichwa kipo," alisema Dismasi. "Jumatatu uanze."

Eliakimu alikuwa anafungua kalamu asaini mkataba, hodi ikapigwa. Akaingia mama yake, Mama Yunisi, na kitenge chake cha Jumapili, jasho linamtiririka, amekumbatia fremu.

"Mwanangu, umesahau cheti! Nimepanda bodaboda mbio mbio. Bwana mkubwa, msimnyime kazi kwa kusahau tu. Huyu ni daktari wa samaki!"

Dismasi alisoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka, akacheka kwa raha kabisa.

"Asante sana, mama. Umetusaidia mno. Tusubiri barazani."

Mlango ulipofungwa, kicheko kikaisha.

"Mimi nina diploma, Dokta. Nikuajiri, mwaka ujao ukalie kiti changu? Halafu umetudanganya. Shukuru siiti polisi." Akalikata jina la Eliakimu kwenye orodha kwa mstari mmoja. "Mwite anayefuata."

Eliakimu alitoka na fremu kwapani. Mama alikuwa ameshainuka.

"Nimesikia bwana mkubwa anacheka. Wamefurahi, eh? Unaanza lini?"

Aliutazama ule uso.

"Jumatatu, mama."

Mama Yunisi akapiga vigelegele pale pale barazani, mbele ya foleni nzima ya waombaji, na Bwana Dismasi akachungulia dirishani aone kuna nini.