Chokaa ya Stesheni

Stesheni ilikuwapo, ila reli haikuja. Wajerumani walitanguliza jengo, wakaweka dirisha la tiketi, jukwaa la abiria na ghala la mizigo, wakiamini treni ingefuata. Ikafuata vita, nao wakaenda zao. Miaka mingi baadaye serikali ikaliandika jengo lile kuwa mali ya kale, ikamwajiri Ndassa kulilinda, na Ndassa akalilinda kama vile treni ya saa nne ingemkuta amelala.

Alikuwa Msukuma wa Shinyanga, amefiwa na mke, mtu wa amri na utaratibu. Alifagia jukwaa kila asubuhi, na kila mwisho wa mwezi alipeleka ripoti wilayani Biharamulo, maneno yale yale: hali ni shwari, jengo ni safi. Mwaka 1974, watu wote wa kilima kile cha stesheni walipohamishiwa kijijini Nyakahura, kando ya barabara, alihamishwa hata Shibuda, mwanawe wa pekee. Ndassa tu ndiye aliyeachwa, kwa barua yenye muhuri, maana stesheni haihamishwi. Alijivunia sana barua ile. Hakujua kwamba angepitisha siku nne, siku tano, bila kusikia sauti ya mtu, mpaka aanze kuyaamkia madirisha. Shibuda alikuja kila Jumapili na kibuyu cha maziwa, akaondoka jioni, na kimya kikarudi mahali pake.

Novemba 1978, adui alipokwisha kuvuka mpaka kule kaskazini, mgambo wa Ngara na Biharamulo walikusanywa stesheni kusubiri malori, kwa kuwa hapakuwa na paa jingine la kuwatosha. Walikaa siku mbili. Ndassa alifurahi kwa saa moja hivi. Kisha vijana wakaokota mkaa kwenye mafiga yao, wakaanza kuandika majina ukutani, barazani, chini kabisa ya kibao kilichosema USIANDIKE UKUTANI. Na juu ya dirisha la tiketi, kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani: SHIBUDA NDASSA.

"Hata wewe?" Ndassa akamuuliza mbele ya wenzake. "Wewe uliyelelewa kwa mshahara wa ukuta huu?"

Shibuda akacheka. "Usihangaike, baba. Nikirudi nitaupaka chokaa mwenyewe."

"Ukuta wa serikali hauwezi kukusubiri wewe."

Malori yalipofika, Ndassa alijitia kutafuta kitu ghalani. Alisikia vijana wakiimba, akasikia injini zikinguruma, hakutoka. Asubuhi yake akakoroga chokaa iliyoletwa kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, akaupaka ukuta wote mkono mmoja, bila kuurudia. Katika ripoti akaandika kwamba hali ni shwari.

Shibuda hakurudi. Mwezi wa tano katibu wa tawi la chama alipanda kilima na karatasi mkononi, akakaa na mzee mpaka alasiri, kisha naye akawa na safari nyingine. Kijana alizikwa huko huko alikofia. Ndassa aliendelea kufagia, lakini kila alipofika kwenye dirisha la tiketi alisimama akiutazama ukuta ulivyotakata, akauchukia mkono wake.

Mwezi wa nane alikuja mwanamke mmoja kwa miguu kutoka barabarani, miguu yote vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Treni bado." Ndio mzaha aliowapa wageni wote, nao ulimtoka kwa mazoea tu.

Mwanamke hakucheka. "Naitwa Felisita, natoka Kanazi. Mwanangu Desderius alipita hapa akienda vitani, hakurudi. Mwenzake aliyerudi anasema waliandika majina ukutani. Kaburi lake sitaliona. Nimekuja kuona mwandiko wake."

Ndassa angeweza kuisingizia mvua, lakini baraza ilikuwa na paa, na mama alikuwa na macho. "Nilipaka chokaa," akasema. "Kesho yake tu. Hakuna aliyenituma."

Felisita akamtazama. Ndassa alitamani amtukane, hakutukanwa. Mama yule aliifuata ndoo ya maji mlangoni, akalowesha ncha ya kitenge chake, akaanza kuusugua ukuta. Na Ndassa, ambaye aliwahi kumfukuza afisa mzima kwa kuegemeza baiskeli pale, alisimama akimwangalia.

Chokaa haikutoka. Ililowa, na ilipolowa weupe wake ukafifia, na nyuma yake ukaonekana weusi. Mstari, kisha herufi nzima.

"Lete maji," Felisita akasema.

Alileta. Alishuka kisimani mara tatu kwa magoti yake ya uzee, wakamwagia ukuta kwa viganja, na vijana wakatokea mmoja mmoja. Desderius alikuwa karibu na nguzo, jina lake likipanda juu kama linakwea kilima.

"Hakuwahi kuufuata mstari," mama akasema. "Mwalimu alimchapa kwa hilo." Akaweka kiganja juu ya jina, akalia.

Ndassa akaibeba ndoo hadi kwenye dirisha la tiketi, akamwagia yote kwa mara moja.

"Na huyu?" Felisita akauliza.

"Wa kwangu. Sikumuaga."

Waliketi ukingoni mwa jukwaa, pale ambapo abiria hawakuketi kamwe. Jua liliukausha ukuta na majina yakazama tena. Felisita akainuka bila kuambiwa, akachukua ndoo, akashuka kisimani.

Novemba ikaletwa chokaa ya sikukuu, mifuko miwili. Ndassa aliifungia ghalani. Kisha akaketi kuandika ripoti, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile maneno yakabadilika: "Ukuta unahitaji chokaa. Yupo kijana aliyeahidi kuupaka mwenyewe. Ninamsubiri."