Shujaa Hafi kwa Ng'ombe

Dudda alikufa siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya Pasaka, akisukuma matako ya ng'ombe asiye wake. Ng'ombe alitoka topeni. Dudda hakutoka. Wanaume sita walimchimbua kesho yake kwa majembe, na mkewe, Leofrun, alimwosha tope la masikioni kwa kidole, akimgombeza chini kwa chini kama alivyomgombeza kila alipoingia ndani na viatu.

Walipomaliza kumzika, Leofrun alirudi kwenye pipa lake. Yeye ndiye aliyepika pombe ya ukumbi wa bwana Ordgar pale Alrei, na shayiri ikishaota haijui matanga. Siku ya tatu alikuwa akikoroga kimea, mikono imemvimba kwa joto, malenga Heorstan alipoinama na kuingia mlangoni, shingo yake ndefu kama ya korongo ikitangulia.

"Pole, mama Leofrun."

"Nimeshapoa. Usisimame hapo, unaziba hewa."

Heorstan alikaa juu ya gunia. Alikuwa mwanamume wa vidole virefu visivyojua jembe. Kazi yake ilikuwa kukaa miguuni pa bwana na kinubi, na kula nyama laini kabla wenye meno hawajafika. Akaeleza kilichomleta. Bwana Ordgar alikuwa na ukumbi mpya wa nguzo za mwaloni, vikombe vya pembe, na maadui wa kutosha. Hakuwa na shujaa aliyekufa. Bwana Kelmund wa ng'ambo ya mto alikuwa naye, tena mwenye wimbo wa kumaliza jioni nzima, na kila wageni walipopita Alrei walisema, "Kwa Kelmund tulisikia wimbo, jamani!" Ordgar alikuwa akimeza mate machungu. Sasa askari wake mmoja amekufa kinamasini. Wimbo unatakiwa siku ya Pasaka.

"Sasa niambie, mama. Alikufaje?"

"Kwa ng'ombe."

"Ng'ombe alimpiga pembe?"

"Hakumpiga chochote. Ng'ombe wa Tilla, yule mjane wa ukingoni, alizama. Dudda akaingia kumsukuma. Ndiyo hivyo."

Heorstan alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Shujaa hafi kwa ng'ombe, mama."

"Huyu alikufa."

"Nasema wimboni. Wimboni tunahitaji mapambano matatu. La kwanza anashinda kirahisi, watu wanakaa vizuri. La pili anashinda kwa taabu, watu wanaacha kutafuna. La tatu anashinda na anakufa, watu wanalia."

"Kwa nini matatu?"

"Mawili ni bahati tu. Yakifika manne, bwana ameshalala." Akatoa kijiti na kuanza kuchora udongoni. "Upanga wake uliitwaje?"

"Alikuwa na shoka."

"Shoka liliitwaje?"

"Shoka. Siku lilipomwangukia mguuni aliliita jina lingine, lakini padri atanipa adhabu nikilitaja."

"Na dosari yake? Shujaa sharti awe na dosari moja kubwa, ndiyo imwangushe. Kiburi, kwa mfano."

Leofrun alicheka hadi akaacha mwiko. "Dosari? Chukua tu, zipo za kugawa. Alikoroma kama msumeno. Alikojoa nyuma ya pipa langu, nikampiga na ufagio, akahamia mbele ya pipa. Na hakujua kukataa. Mtu akisema 'Dudda, nishikie hiki,' ameshashika. Hicho kiburi ni cha nani? Labda chako."

Heorstan hakuchora hilo. "Maneno ya mwisho?"

Leofrun aliushika tena mwiko. Yeye hakuwepo, aliyekuwepo ni Tilla. "Tilla alimtupia kamba. Akasema, 'Mfunge ng'ombe kwanza.'"

"Haya siwezi kuyaimba," malenga alisema kwa masikitiko ya kweli. "Tufanye ng'ombe awe binti wa mfalme."

"Ng'ombe mwenyewe ana miaka kumi na moja na jicho moja."

"Binti wa mfalme," alisema Heorstan, akisimama na kujifuta kimea matakoni, "huwa haulizwi miaka."

Pasaka ilifika na jua. Baada ya misa watu wote wa Alrei walijaa ukumbini, milango imeachwa wazi, nguruwe wawili wakizunguka motoni. Leofrun alipewa kiti karibu na bwana, kwa mara ya kwanza maishani, na akagundua kwamba kutoka pale pombe yake yenyewe, kwenye kikombe cha pembe, ilikuwa na ladha ya kwato.

Heorstan akagusa nyuzi. Na hapa lazima haki yake apewe: alijua kazi. Katika wimbo wake Dudda alikuwa mrefu kama mti wa mvinje, macho ya tai, na upanga ulioitwa Mnywa-Ukungu. Dudda aliua zimwi lililokuja kula walinzi mlangoni. Dudda alizama majini siku nzima akamwua mama wa zimwi lile. Tena Dudda alimtoa binti wa mfalme, mwenye nywele za dhahabu na macho mawili, kwenye pango la nyoka mkubwa wa chini ya kinamasi. Alimjeruhi nyoka, naye akatiwa sumu, akafa akimtaja bwana wake Ordgar mara tano.

Leofrun mwanzoni aligeuka kutazama ni nani huyo aliyekufa. Walipofika kwenye sumu, Hunfrith mnene, aliyekuwa akila mguu wa nguruwe, alikuwa ameuweka chini na analia kamasi. Bwana Ordgar analia. Tilla mjane, aliyeona kila kitu kwa macho yake, naye analia, na alipokutana na macho ya Leofrun alinong'ona, "Sikujua kama kulikuwa na nyoka, dada!"

Laiti Heorstan angeishia hapo. Lakini malenga akiona watu wanalia hushikwa na tamaa kama mbwa aliyeona mfupa wa pili. Akapiga nyuzi zote kwa pamoja, akaimba kwamba nyoka yuko hai hadi leo, anauguza jeraha lake chini ya matete, amelalia rundo la dhahabu. Je, hakuna mwanamume aliyebaki Alrei?

Lilikuwa swali la kumalizia tu. Lakini Leofrun alikuwa amepika pombe kali ya Pasaka, na Snell akasimama juu ya benchi.

Snell alikuwa rafiki wa Dudda, mwembamba, mwenye pua iliyovunjwa mara mbili. "Mimi yupo!" alipiga kelele, maana ulimi ulikuwa umeshalewa kabla yake. "Naapa kwa kikombe hiki! Kesho namleta kichwa!"

"Na mimi!" Hunfrith akasema, mdomo umejaa.

Wakasimama askari wote wa bwana, tisa kwa hesabu, kila mmoja akiapa zaidi ya mwenzake; mmoja aliapa kumleta nyoka akiwa hai. Na kiapo cha kikombe mbele ya bwana hakifutiki. Mtu hufa nacho, au huhama nchi. Bwana Ordgar alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Heorstan alikuwa amegeuka rangi ya maziwa.

Asubuhi Leofrun alimkuta malenga amejificha nyuma ya zizi la kondoo, amekumbatia kinubi.

"Wameshaondoka," alisema Heorstan. "Wamevaa deraya za chuma."

"Deraya? Kinamasini?"

"Wimbo ulisema deraya."

Leofrun alimshika sikio. Alikuwa mama wa miaka arobaini na miwili aliyezoea kubeba magunia, na sikio lile lilikuwa laini. "Nyoka ni wako. Twende ukamchukue."

Alimbebesha mbao tatu ndefu, yeye akachukua kamba na mkuki wa kuchomea mikunga, samaki wa topeni, wakashika njia ya malisho ya juu, inayopita kinamasini. Hawakufika mbali kabla ya kusikia makelele. Kati ya makelele kulikuwa na mngurumo mzito, kama fahali anayepumulia ndani ya mtungi, na kila ulipotoka makelele yaliongezeka.

"Mungu wangu," alisema Heorstan. "Yuko kweli."

"Ndege yule, mpumbavu wewe! Ndege wa matete, anaita jike. Umezaliwa wapi?"

Na kweli hakuna mtoto wa Alrei asiyemjua ndege huyo. Hunguruma hivyo kila masika. Lakini watu wakishaimbiwa nyoka, ndege hana nafasi tena. Wale tisa walipomsikia walivuta panga na kukimbilia upande wa sauti, moja kwa moja kwenye tope lililommeza Dudda. Sasa walikuwa wamepandwa pale kama kabichi: wengine magotini, wengine kiunoni, Hunfrith tumboni, na tumbo lake lilikuwa pana kiasi cha kumzuia asizame zaidi. Aliyetangulia mbele kabisa alikuwa Snell. Tope lilimfika kwapani.

"Shemeji!" Hunfrith alilia. "Shemeji Leofrun, nyoka ananivuta miguu!"

"Anayekuvuta ni chakula cha jana. Tulieni! Anayejitikisa anazama. Vueni vyuma."

"Hii deraya ni ya baba yangu," mmoja alisema.

"Baba yako yuko wapi?"

"Alishakufa."

"Basi haidai. Vua!"

Akatupa mbao juu ya tope na kumlaza Heorstan kifudifudi juu ya ule wa kwanza. Malenga alilia kwamba vidole vyake ni vya kinubi. Leofrun akamwambia leo ni vya kamba. Wakaanza na walio karibu, mmoja mmoja, wanatoka kwa sauti ya aibu kama ya mtu anayevuta kiatu, wengine wakiacha suruali kwa nyoka. Kumtoa Hunfrith kulihitaji watu watano na dua. Alipotoka alilala matopeni akapiga kwikwi.

Alibaki Snell. Leofrun alitambaa hadi mwisho wa ubao wa tatu na kumrushia kamba. Haikufika. Tope lilikuwa limepanda hadi mabegani, na uso wake umekuwa mweupe na mtulivu kwa namna ambayo Leofrun hakuipenda.

"Shemeji, rudi," Snell alisema. "Ubao unazama. Rudi kwanza, mimi nitasubiri."

Leofrun aliganda. Hakuwa amelia tangu Jumanne ile. Hakulia kaburini, wala ukumbini wakati watu wote walikuwa wakilia. Sasa alimwona Dudda pale, si mrefu kama mti wowote, kofia imepinda, anamwambia Tilla amfunge ng'ombe kwanza kwa sauti hii hii ya mtu anayekuachia nafasi kwenye benchi. Na akalia kwa hasira, mdomo wazi, tope likimwingia.

"Usiniambie maneno hayo!" alipiga kelele. "Mnayatoa wapi maneno hayo, wajinga nyie? Nani aliwafundisha? Shika kamba! Shika, mwana wa punda, ama nakuja kukupiga na mkuki huu!"

Alifunga kamba kwenye mkuki, akaunyoosha. Snell akashika. Nyuma ya Leofrun, Heorstan aliukamata mwisho wa kamba, na nyuma ya Heorstan watu wanane, uchi na nusu uchi, wakashika miguu ya Heorstan, na wakavuta. Kamba ilimchuna malenga mikono yote miwili. Hakuiachia. Snell alitoka polepole, kidogo kidogo, akiwa na kiatu kimoja, na alipofika ubaoni Leofrun alimpiga kofi, halafu akamkumbatia kichwa kwa muda mrefu.

Waliingia ukumbini mchana huohuo, weusi toka utosini. Bwana Ordgar aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama nyuma yao.

"Kichwa kiko wapi?"

Macho yote yalimgeukia Heorstan. Angeweza kudanganya tena. Leofrun alimwona akifungua mdomo, akaona kabisa wimbo ukipanda kooni: nyoka ameshakufa kwa jeraha, dhahabu imezama. Malenga akatazama viganja vyake vilivyochunika.

"Hakuna nyoka, bwana," alisema. "Nilimtunga. Palikuwa na tope na ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Wa jicho moja."

Bwana Ordgar alikaa. Alifikiri kwa uso mzima, kama mtu anayenyanyua jiwe. "Kelmund akisikia tulitaka kufa kwa ng'ombe..."

"Tusingekufa," alisema Snell. "Dudda angekuwepo, angetuvuta. Mwaka ule wa barafu si alinivuta mimi?"

"Na mimi nilipoingia kisimani," alisema Hunfrith.

"Uliingiaje kisimani?" bwana aliuliza.

"Usiku ulikuwa mzuri, bwana."

Mtu akacheka. Mwingine akakumbuka la kwake, na mwingine. Ikawa karibu kila aliyesimama pale alikuwa amewahi kushikwa ukosi na Dudda, kutolewa mahali pa kijinga na kuambiwa aende nyumbani akalale. Walicheka hadi tope lilianza kudondoka.

Bwana Ordgar alikohoa. Akaamua hivi: kiapo kimetimizwa, maana kichwa kisichokuwepo hakiletwi, na kwenda wamekwenda. Wageni wakija, nyoka yupo. Wenyewe wakiwa peke yao, ng'ombe.

"Nataka magogo," alisema Leofrun.

"Ya nini?"

"Ya njia. Toka ukingoni hadi malisho ya juu, tupite juu ya tope badala ya ndani yake."

Bwana alianza kueleza kwamba mialoni yake ni michache. Snell akasema miti ya kando ya mto haina mwenyewe na shoka analo. Hunfrith akasema atabeba. Bwana Ordgar, akiona ataachwa nyuma katika nchi yake mwenyewe, akatoa mialoni.

Njia ilichukua hadi wakati wa kukata majani. Hunfrith aliangukia topeni mara mbili, mara moja kwa makusudi, kwa sababu ya joto. Heorstan alibeba magogo siku nne za mwisho, akilalamika kila hatua, siku ya tano, njia ikiwa imekamilika, akaaga. Kuna bwana mmoja huko kusini, alisema, mwenye nchi kavu, anatafuta malenga.

Leofrun alimsindikiza hadi mwanzo wa magogo na kumpa mkate na kibuyu cha pombe.

"Nikifika huko, mama, niwaimbie nini?"

"Waimbie utakacho. Ila usiwaambie waende kutazama."

Heorstan alicheka, akatundika kinubi begani, akaanza kuvuka, akijaribu kila gogo kwa ncha ya mguu kabla ya kulikanyaga.